Samaki wa Tangi Anapoumwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya samaki wa maji matamu. Matangi ya maji ya bahari yana magonjwa yake na dawa zake, na vipimo vya humu visitumike huko.

Nitajuaje samaki anaumwa kabla hali haijawa mbaya?

Kwa kumjua akiwa mzima. Dakika mbili za kutazama wakati wa kulisha zinatosha, mradi uangalie mambo yaleyale kila siku: nani amekuja mbio, nani amechelewa, nani amemeza kisha akatema. Samaki mlafi aliyeacha kula ghafla ameshakupa taarifa, hata kama mwilini hana doa.

Kisha tazama mapezi. Mzima huyakunjua anapoogelea. Mgonjwa huyabana mwilini kama mwavuli uliofungwa. Halafu matamvua. Hesabu vifuniko vyake vinafunguka mara ngapi kwa sekunde 30, ulinganishe na mwenzake wa aina ileile aliye kwenye maji hayohayo. Hakuna idadi moja ya kukariri, kwa sababu joto na aina ya samaki hubadilisha kila kitu. Unachotafuta ni tofauti. Anayehema kwa upande mmoja huku kifuniko cha pili kimebana, mara nyingi ana vimelea kwenye matamvua au ameumia.

Dalili nyingine za kuzingatia ni kujikwaruza kwenye mawe, kujificha kwa samaki ambaye si kawaida yake, rangi kupauka, kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi, na kuogelea kichwa chini au kwa kuyumba.

Ni mambo gani yanafanana na ugonjwa lakini si ugonjwa?

Neon tetra hupauka usiku na rangi hurudi taa ikishawaka kwa muda. Beta, na kambare wadogo wa Corydoras, hupanda juu kumeza hewa kwa sababu ndivyo walivyoumbwa. Botia wengine hulala ubavu kabisa, wakamtia mwenyewe hofu.

Linalodanganya wengi zaidi ni hili: dume la samaki wa dhahabu wakati wa kuzaliana huota vijipele vyeupe juu ya vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani. Vijipele hivyo hukaa kwa mpangilio, pande zote mbili, na havisambai mkiani. Watu wamemwaga dawa tangi zima kwa ajili ya dume aliyekuwa tayari kuoa tu.

Nimeona dalili. Nianze na nini?

Usianze na dawa. Jiulize kwanza: wameugua wote pamoja, au mmoja baada ya mwingine? Samaki wa aina mbalimbali wakizidiwa ndani ya saa chache zilezile, shida karibu kila mara ni maji: amonia (sumu ya kinyesi na chakula kinachooza), nitriti (sumu ambayo amonia hugeuka kuwa), klorini ya maji ya bomba, upungufu wa oksijeni, au sumu kama dawa ya kupulizia mbu. Akianza mmoja, kisha siku kadhaa baadaye wa pili na wa tatu, hapo fikiria maambukizi. Akibaki mmoja peke yake kwa wiki nyingi, huenda ni jeraha, uzee au tatizo la ndani ya mwili.

Baada ya hapo fanya haya kwa mfuatano. Angalia kipimajoto, na uhakikishe chujio linasukuma maji kwa nguvu yake ya kawaida. Pima amonia, nitriti, nitrati (ambayo nitriti huishia kuwa) na pH (kipimo cha uasidi wa maji), uandike namba. Acha kulisha kwa siku moja. Samaki mkubwa hafi kwa njaa ya siku moja, lakini chakula kinachooza huongeza amonia. Amonia au nitriti ikionekana, badilisha maji nusu ya tangi leo hii, kesho upime tena. Tangi la zamani lililotelekezwa lina utaratibu wake, tazama jibu linalofuata.

Namba zipi ni nzuri na zipi ni za hatari?

Amonia 0 na nitriti 0. Si "kidogo tu", ni sifuri. Nitrati ikae chini ya miligramu 40 kwa lita, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Joto la nyuzi 24 hadi 27 linawafaa samaki wengi wa maji ya joto. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya ubaridi kuliko hapo.

Amonia isomwe pamoja na pH. Sehemu yake yenye sumu kali huongezeka karibu mara kumi pH inapopanda kwa namba moja, na joto nalo huizidisha. Kwa hiyo miligramu 1 kwenye pH 6.5 huvumilika kwa muda, wakati kiasi hichohicho kwenye pH 8.2 kinaweza kuua.

Hapa pana mtego wa matangi ya zamani yaliyotelekezwa. Maji yameshuka hadi pH 6, amonia imejaa lakini imetulia, samaki wamezoea. Mwenye tangi anajutia uvivu wake, anabadilisha maji kwa wingi kwa ya bomba yenye pH 8, na samaki wanakufa jioni hiyohiyo. Tangi la namna hiyo libadilishwe asilimia 10 hadi 15 kila siku hadi maji yatengemae.

Ukitumia vipimo vya matone, tikisa chupa ya pili ya nitrati kwa nguvu kwa nusu dakika kabla ya kudondosha. Kwenye seti nyingi unga wake hutuama chini, na usipoutikisa utasoma namba ndogo ya kujidanganya.

Samaki wote wako juu wanahema mdomo wazi. Nifanye nini sasa hivi?

Ongeza hewa mara moja: washa pampu ya hewa, au shusha maji kidogo ili maji ya chujio yadondoke na kuvuruga uso wa tangi. Kisha badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi. Vipimo vifuate, si vitangulie.

Chanzo cha kawaida ni joto. Maji ya nyuzi 25 yaliyojaa hewa hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 30 hubeba 7.6 hivi, huku mwili wa samaki ukihitaji zaidi. Dawa nyingi nazo hupunguza oksijeni, ndiyo maana kila tiba iende na pampu ya hewa.

Kama matamvua yana rangi ya kahawia badala ya wekundu, shuku nitriti. Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi hata maji yakiwa na hewa ya kutosha. Chumvi ya kawaida gramu 1 kwa lita husaidia, kwa kuwa kloridi yake hushindana na nitriti mlangoni pa matamvua. Hiyo ni huduma ya kwanza. Dawa yenyewe ni kubadilisha maji.

Klorini inaondokaje?

Klorini ya kawaida huondoka maji yakikaa wazi kwa saa 24 huku yakipulizwa hewa. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki hivyo. Inahitaji dawa ya kuondoa klorini. Kama hujui maji yako yametiwa ipi, tumia dawa kila mara.

Ana madoa meupe kama punje za chumvi. Ni nini, na kwa nini yanarudi?

Ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kila doa, ambalo halizidi milimita 1 hivi, ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi, na hapo hakuna dawa ya kawaida ya tangi inayokifikia. Kikishiba hudondoka, hujifunika ganda kwenye changarawe au kioo, hugawanyika na kutoa mamia ya watoto. Watoto hao huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni katika safari hiyo tu ndipo dawa huwaua.

Sasa utaona kwa nini yanarudi. Siku ya tatu au ya nne madoa hutoweka, mtu anashukuru na kuacha dawa. Kumbe hayajafa, yamedondoka. Wiki inayofuata samaki anaamka amenyunyiziwa mwili mzima, matamvua yakiwemo, na safari hii hali ni mbaya zaidi.

Kwa samaki wa maji ya joto, pandisha joto nyuzi 1 kila baada ya saa 6 hivi hadi nyuzi 30, na ulishikilie hapo siku 10 hadi 14, pampu ya hewa ikiwa wazi. Joto huharakisha mzunguko wa kimelea, nacho hulazimika kutoka nje mapema. Ongeza chumvi gramu 2 kwa lita, ukiigawa mara tatu ndani ya saa 36, au tumia dawa ya malakaiti ya kijani kwa kipimo cha kwenye chupa. Fyonza changarawe kila siku mbili ili utoe maganda. Doa la mwisho likishaondoka, endelea siku nyingine tatu hadi tano.

Samaki wa dhahabu na wengine wa maji ya ubaridi usiwapandishe hadi 30. Kwao tumia chumvi au dawa, na ujue tiba itachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kwenye ubaridi mzunguko wa kimelea hujivuta. Tetra, botia na kambare huumizwa haraka na malakaiti. Dawa nyingi huelekeza wapewe nusu ya kipimo.

Samaki wote wa tangi hilo watibiwe, hata wasio na doa. Ukimhamisha mgonjwa peke yake, umeacha maganda nyuma yake.

Si madoa, ni kama vumbi la dhahabu. Je, ni ugonjwa uleule?

Hapana. Ni kimelea kingine, Piscinoodinium. Zima taa ya chumba na ummulike samaki kwa tochi kutoka ubavuni: ngozi itang'aa rangi ya dhahabu au kutu. Kwenye mwanga wa kawaida huoni kitu, unaona tu samaki amebana mapezi na kuhema haraka. Huenda kasi na huua watoto wa samaki kwa siku chache.

Kimelea hiki hutumia mwanga kama mmea, kwa hiyo funika tangi kwa nguo nene wakati wa tiba. Dawa inayotumika sana ni ya shaba, nayo huua kamba na konokono hata kwa kiasi kidogo, waondoe kwanza.

Ana kitu kama pamba mdomoni. Ni kuvu?

Huenda, na huenda si kuvu. Kuvu halisi ni nyuzi ndefu zinazosimama na kupepea majini, na karibu daima huota juu ya jeraha au mayai yaliyokufa. Huenda polepole, na dawa ya methilini bluu kwenye chombo cha pembeni huiweza. Usiimwage kwenye tangi kuu, huua bakteria wazuri wa chujio wanaokula amonia na kutia rangi silikoni ya kuungia kioo.

Pamba fupi ya kijivu au njano midomoni, au kiraka kilichopauka mgongoni kama tandiko la farasi, ni kazi ya bakteria Flavobacterium columnare. Huyu anaweza kuua kwa siku moja au mbili, na hupenda joto. Mtu anayedhani ni kuvu, au anayefuata ushauri wa madoa meupe na kupandisha joto, anamsaidia muuaji. Shusha joto taratibu hadi nyuzi 23 au 24 kama aina ya samaki inaruhusu, mtenge mgonjwa, na mwone daktari wa mifugo kuhusu antibiotiki. Kubahatisha antibiotiki nusu dozi hufuga bakteria sugu.

Mapezi yamechanika. Ameumwa na mwenzake au yanaoza?

Mchaniko wenye kingo safi ni meno ya mwenzake au jiwe kali. Pezi linalooza lina ukingo mweupe, mwekundu au mweusi, na hupungua siku hadi siku kuelekea mwilini. Tiba ya mwanzo kwa yote mawili ni moja: maji safi, robo ya tangi kila siku mbili kwa wiki mbili. Pezi huota upya likiwa angavu bila rangi, usidhani ni kuvu. Uozo ukifika kwenye shina la pezi, hapo ndipo antibiotiki ina nafasi.

Tumbo limevimba.

Mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama kama tunda la msonobari lililofunguka, mwili umejaa maji kwa sababu figo zimeshindwa, mara nyingi kutokana na bakteria wa ndani. Wachache hupona. Mtenge, maji yawe safi mno, mwulize daktari antibiotiki ya kuchanganya na chakula, na usijilaumu akifa.

Magamba yakiwa yamelala, una nafasi nzuri zaidi: huenda ana mayai, au amefunga choo. Mnyime chakula siku mbili au tatu. Samaki wa dhahabu umpe kisha njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Vivyo hivyo kwa anayeelea juu au kuzama bila mpango baada ya kula. Wale wa mwili wa mviringo wana shida hii kwa maumbile, na chakula cha kuzama huwapunguzia hewa wanayoimeza.

Jicho limetokeza nje.

Moja: amejigonga, mpe maji safi na muda. Yote mawili: pima maji, kisha shuku maambukizi ya ndani.

Anakula lakini anakonda.

Tazama tundu lake la haja kwa makini samaki akiwa ametulia. Nyuzi nyekundu mbili tatu zinazochungulia na kurudi ndani anaposogea ni minyoo Camallanus, na hupatikana sana kwa gapi na jamaa zake. Dawa ya minyoo ya levamisoli, miligramu 2 kwa lita kwa saa 24 gizani, huwapooza minyoo wakatoka. Fyonza changarawe yote siku inayofuata, badilisha maji mengi, rudia baada ya wiki mbili au tatu.

Kinyesi cheupe chembamba huashiria vimelea vya utumbo. Kukonda pamoja na mgongo kupinda na vidonda visivyopona huashiria kifua kikuu cha samaki, ambacho hakina tiba ya kutegemea.

Kipimo cha dawa au chumvi nakikokotoaje?

Pima ndani ya tangi, na kimo kiwe cha maji, si cha kioo. Urefu sentimita 60, upana 30, maji 30: zidisha upate 54,000, gawa kwa 1,000, ni lita 54. Toa asilimia 10 kwa changarawe na mawe, zinabaki takriban 49. Chumvi ya gramu 2 kwa lita itakuwa gramu 98. Pima kwa mizani. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu 6 hivi, lakini ya mawe hupishana sana.

Iyeyushe kwenye jagi kwanza. Punje ikimwangukia kambare humuunguza. Tena chumvi haifuki na maji: yaliyopungua kwa kukauka yajazie maji matupu, na ukibadilisha lita 12, tia gramu 24 tu. Wanaotia dozi nzima kila wanapobadilisha maji huishia na tangi la bahari na mimea iliyooza.

Nimetia dawa na hakuna kilichobadilika. Kwa nini?

Angalia kwanza kama kuna mkaa ndani ya chujio, kwani huifyonza dawa kabla haijafanya kazi. Utoe mkaa, acha sponji. Sababu nyingine ni dawa iliyokwisha muda, kuchanganya mbili kwa mpigo, kuacha mapema, au utambuzi wenyewe kuwa wa kubahatisha. Na kama amonia bado inasoma 0.5, hakuna chupa itakayokusaidia.

Samaki mpya akae karantini muda gani?

Wiki nne. Inatosha chombo cha lita 20 hadi 40 chenye hita, sponji ya hewa na kipande cha bomba cha kujifichia, bila changarawe. Sponji iwe imekaa wiki kadhaa kwenye tangi kuu ili ije na bakteria wake, vinginevyo karantini yenyewe itamuua kwa amonia. Wavu na ndoo visitumike kwa matangi yote mawili.

Je, ninaweza kuambukizwa?

Ndiyo, na bakteria Mycobacterium marinum, anayeingia kupitia mkwaruzo na kuleta vinundu vya polepole kwenye vidole au mkono. Vaa glavu ukiwa na kidonda, na usivute maji kwa mdomo kwenye mpira wa kufyonzea. Ukiota kinundu kisichopona, mwambie daktari unafuga samaki. Asipojua hilo anaweza kuhangaika miezi.

Hawezi kupona. Namaliziaje bila kumtesa?

Kwa mafuta ya karafuu. Tikisa matone machache na maji ya uvuguvugu kwenye chupa hadi yawe meupe kama maziwa, umimine polepole kwenye chombo alimo mpaka alale ubavu. Kisha ongeza hadi matone 8 au 10 kwa kila lita, usubiri nusu saa baada ya matamvua kusimama. Kumgandisha akiwa hai, au kummwaga chooni, ni mateso.

Amekufa. Nimwage maji yote nianze upya?

Hapana, mara nyingi hilo huleta vifo vingine, kwa sababu unaua bakteria wanaokula amonia na itachukua wiki nne hadi sita warudi. Mtoe maiti upesi, wenzake wasimle. Badilisha theluthi moja ya maji, suuza sponji ndani ya maji ya tangi yaliyotolewa, kamwe si ya bomba, na upime amonia kesho yake. Wavu uukaushe kabisa kabla ya kuutumia kwingine. Ikiwa ni kifua kikuu cha samaki kilichothibitishwa, hapo ndipo unavunja tangi zima, unatupa changarawe na sponji, na unapangusa kioo kikavu kwa spiriti ya asilimia 70.